Seva Yenye Milango Miwili

Dada yangu mdogo alipokubali kuolewa aliniomba mambo mawili, na yote mawili niliyaona mepesi. La kwanza, alitaka aisikie ndoa yake ikifungwa. La pili, alitaka niseme maneno machache msikitini kabla ya akdi, yaani yale matamko ya kufunga ndoa. Lile la kwanza nililitolea jasho wiki nzima, kwa kebo na kompyuta na majisifu. Lile la pili nililiona halihitaji maandalizi, maana mdomo ninao, na sijawahi kulaumiwa kwa ububu.

Kwetu Msambweni ndoa hufungwa msikitini, wanaume watupu. Bibi harusi hubaki nyumbani na wanawake wenzake, hina mikononi, na habari kwamba ameshakuwa mke wa mtu humfikia vigelegele vinapopigwa. Mama yetu husimulia kwamba yeye aliozwa akiwa amesinzia. Vigelegele vikamwamsha, akauliza ni nani anayeolewa. Tulikua tukikicheka kisa hicho, isipokuwa dada yangu. Yeye alikuwa akisema tangu utotoni kwamba siku yake ikifika atakuwa macho, na atasikia kila neno.

Maneno machache yenyewe yalikuwa haya. Mchumba wake ni mtu wa kisiwa cha Funzi, kijana mpole anayetembeza wageni kwa boti. Dada ni muuguzi katika wodi ya wazazi hapa Msambweni, na kazi hiyo ameihangaikia kuliko nilivyohangaikia mimi chochote maishani. Akihamia kisiwani, kazi imekwisha. Huwezi kuitwa ukazalishe na kati yako na hospitali kuna maji na boti haipo. Wakati wa posa mchumba alikubali kwamba watakaa Msambweni na mke ataendelea na kazi yake. Lakini ami yake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, alisema huku akivaa viatu vyake mlangoni, "Ya posani ni ya posani. Mke hukaa kwao mume."

Tangu siku hiyo dada hakulala vizuri. Akataka sharti lake lisemwe msikitini, mbele ya mashahidi, na lisemwe na walii wake, mwanamume wa kwao anayemwozesha, naye alisikie kwa masikio yake mawili. Baba yetu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na babu kabla yake, kwa hiyo walii nilikuwa mimi.

"Neno lenyewe ni fupi, kakangu," aliniambia. "Akae Msambweni, afanye kazi yake. Basi."

"Hilo tu? Lione limeshasemwa."

"Hebu liseme nikusikie."

"Aka! Mimi mtoto mdogo?"

Alitaka hata kuniandikia kwenye kikaratasi. Nikamwambia asinifanye kama mtoto anayetumwa dukani. Nilipokuwa mtoto nilitumwa dukani kweli, na njia nzima nilikuwa nikilirudia neno nililotumwa, mafuta na chumvi, mafuta na chumvi, hadi muuzaji ananisikia kabla sijafika. Sikuwahi kurudi na kitu kingine. Ukubwani ndiko nilikojiona nimepita umri wa kurudia.

Kazi yangu ni ufundi wa mtandao katika hoteli moja ya Diani. Ile picha mgeni anayoiona kwenye televisheni ya chumbani mwake, mimi ndiye ninayeipeleka. Zamani tulikuwa tukipeleka nakala moja kwa kila chumba, sawa na mtu anayealika harusi nyumba kwa nyumba, na hoteli ikijaa seva ilikuwa ikielemewa, picha zikakatika vipande. Siku hizi picha hutumwa mara moja tu, kwa anwani ya kundi, na kila televisheni inayoitaka hujiunga na kundi hilo ikaipata. Unapika sufuria moja ya pilau, unaiweka mlangoni, mwenye kutaka alete sahani. Vijana wa bara ninaofanya nao kazi hunitania, "Mzee, wewe ni noma," nami hujifanya sikusikia huku nimesikia vizuri sana.

Ubaya wa kutuma hivi ni mmoja tu. Seva haijui kama kuna mtu aliyepokea. Sahani zisipokuja, yenyewe hupakua chini, na wala haikwambii.

Hoteli ilikuwa imeitupa stoo seva moja kuukuu, meneja akaniruhusu niichukue. Nikaileta Msambweni kwa tuk-tuk kutoka stejini, nimeipakata, mtu asiiguse. Msikiti na nyumba yetu vinatazamana, katikati kuna ua wa mchanga. Kwa idhini ya sheikh niliiweka seva ndani ya msikiti, pembeni, kando ya rafu ya misahafu, na kamera nikaifunga kwenye nguzo. Kebo nikaivusha juu ya ua hadi nyumbani. Televisheni moja nikaiweka chumbani kwa bibi harusi, moja ukumbini, moja nyuma kwa wapishi, kwa sababu wapishi nao ni watu. Nyingine nikaiweka kwenye baraza ya msikiti kwa ajili ya wanaume watakaokosa nafasi ndani. Mama aligomba kwamba nimemtoboa ukuta wake kwa misumari. Majirani wakawa wanapita kuchungulia, mmoja akauliza kama tunaoza dada au tunafungua sinema. Nilikuwa nimevimba kichwa, sitaki kusema uongo.

Alasiri ya kuamkia harusi nilijaribu mtambo. Nikakaa mbele ya kamera nikatoa salamu. Televisheni zote zikanionyesha, shati limejaa vumbi, na kule nyuma wapishi wakanipigia vigelegele vya mzaha. Dada akaja dirishani upande wa pili wa ua, leso imemteleza kichwani, akapaza sauti.

"Nakusikia, kaka! Nakusikia kabisa!"

Furaha yake siku ile inanisumbua hadi leo. Ningekuwa sikumwahidi kitu, asingekuwa na cha kupoteza. Lakini nilimwahidi, na ahadi ni deni.

Asubuhi ya harusi shangazi yetu akapiga simu kutoka Maskati. Yeye ndiye aliyemlea dada pale mama alipokuwa mgonjwa, na mwaka ule hakupata ruhusa kazini kuja. Alilia kwenye simu. Ningemkataliaje? Seva ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao, ambazo sisi mafundi wenyewe kwa wenyewe huziita milango. Mlango wa ndani ulikuwa na kebo ya nyumbani. Mlango wa nje ulikuwa mtupu. Nikachomeka kebo ya kisanduku cha intaneti kwenye mlango wa nje, nikamtengenezea shangazi njia yake peke yake, akaniona, akanimwagia dua. Nami mbio kwenda kuoga. Sikurudi kuzitazama televisheni za nyumbani, kwani jana si zilikuwa nzima?

Fundi yeyote atanicheka hapo. Seva yenye milango miwili ni lazima uiambie waziwazi kwamba ujumbe wa kundi utokee mlango upi. Usipoiambia, itafuata mazoea yake, na mazoea yake ni kwamba kila isichojua pa kukipeleka hukitoa mlango wa kuendea nje. Siku ya majaribio kebo ilikuwa moja tu, haikuwa na la kuchagua. Jambo hilo nimewafundisha wengine pale hotelini hadi wakanichoka. Kinyozi hajinyoi.

Kabla ya adhuhuri sheikh alivuka ua pamoja nami na mashahidi wawili, kwenda kutaka idhini ya bibi harusi kama ilivyo desturi. Tukasimama nje ya pazia la chumba chake. Sheikh ni mtu mwenye sauti ya taratibu, anayeyapa maneno nafasi.

"Binti yangu, tumekuja kutaka ridhaa yako. Usione haya. Ukinyamaza tutajua umeridhia, kwani kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake."

"Shikamoo, sheikh," dada akasema nyuma ya pazia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sitanyamaza. Nimeridhia kuolewa naye. Na sharti langu kakangu analo."

Mashahidi wakatazamana, mmoja akaficha tabasamu. Sheikh akanigeukia. "Unalo?"

"Ninalo, sheikh," nikasema, na nikajipiga kifuani kwa kiganja.

Msikiti ulijaa hadi barazani. Bwana harusi aliketi mbele yangu, goti kwa goti, joho limempwaya, ananukia udi. Ami yake alikuwa ubavuni mwake. Tukashikana mikono ya kulia na sheikh akaanza khutba. Kiganja cha yule kijana kilikuwa kigumu kwa kazi ya boti, na kilikuwa baridi.

Hapo simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa kanzu. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nikapenyeza mkono wa kushoto, nikaichomoa kidogo tu, kiasi cha kusoma. Ujumbe ulitoka kwa binti wa mama mdogo, aliyekuwa amekaa na bibi harusi chumbani. TV zote nyeusi, alisema. Hatuoni, hatusikii.

Kuinuka nisingeweza. Walii haachi mkono wa bwana harusi akaenda kushika kebo. Lakini seva ilikuwa pembeni pale, mgongo wake umenielekea, na kutoka nilipoketi niliziona taa zake ndogo za kijani, moja kwa kila mlango. Taa ya mlango wa nje ilikuwa ikipepesa bila kupumzika. Taa ya mlango wa ndani ilikuwa imetulia tuli. Nikaitazama hii, nikaitazama ile. Kisha nikaelewa kila kitu. Pilau yote inapakuliwa mlango wa nje, inamwagika kwenye kile kisanduku cha intaneti kisichoihitaji, na wenye sahani wamesimama mlango wa ndani wakingoja.

Nami nikafurahi. Hapo ndipo panaponiuma kuliko mahali pengine pote. Sikumfikiria dada aliyekaa mbele ya kioo cheusi siku ya ndoa yake. Nilifurahi kwamba nimelijua tatizo bila hata kuigusa kompyuta, na kichwani mwangu nilikuwa tayari nikiandika ule mstari mmoja wa kulimaliza.

"Walii," sheikh akasema. "Una neno lolote kabla ya akdi?"

"Hapana, sheikh," nikasema. "Tuendelee."

Sheikh alinikazia macho zaidi kidogo kuliko kawaida. Mkono wa bwana harusi ukanibana. Nikadhani ni woga, nikambana nami kumtuliza. Ami yake alikohoa, akaiweka sawa kofia yake. Kisha nikatamka yanayopasa kutamkwa na walii, nikalitaja jina la dada yangu na la marehemu baba, na mahari, bila kigugumizi. Bwana harusi akasema amekubali. Tukainua mikono kwa dua.

Nilikumbuka mikono ikiwa hewani, kwenye "amin" ya kwanza. Nilitaka kusema ngojeni, lakini ngojeni nini? Akdi ilikuwa imekwisha, na ami wa bwana harusi alikuwa ameshafungua mikono kunikumbatia. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi iliyoniponyoka ndiyo niliyotumwa.

Ikaja halua, ikaja kahawa. Watu walinipa mkono mmoja baada ya mwingine. "Mabruki, walii! Umeozesha kiume!" Nikawa naitikia, nacheka, na kila aliyenisifu nilitamani anipige kibao. Bwana harusi alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu mwenye swali la adabu. Nikavaa viatu nikavuka ua, na katika zile hatua chache za mchanga nikatunga sentensi ya kwenda kumwambia dada. Nilipanga kusema kwamba mambo yamekwenda vizuri na kwamba mume wake ni mtu mwelewa. Hakuna uongo ndani yake, na ukweli pia hakuna.

Chumbani hapakuwa na vigelegele. Mama alikuwa amekaa kitandani, na jamaa zetu waliotoka Jego sakafuni kwenye mkeka, pamoja na somo wa dada, yule mwanamke anayemsimamia bibi harusi hadi amkabidhi kwa mumewe. Dada alikuwa kwenye kiti mbele ya televisheni nyeusi, amependeza hata nikashindwa kumtazama. Simu ya mama ilikuwa juu ya godoro.

"Imekwisha?" dada akauliza.

"Imekwisha, alhamdulillahi. Mambo yamekwenda vizuri. Na mumeo ni mtu mwelewa."

"Sikukuuliza mambo, kaka. Neno langu ulilisema?"

Nikainama nyuma ya televisheni, nikashika kebo ambayo haikuwa na kosa lolote. "Unajua, hii shida ilikuwa ni mlango tu. Seva ina milango miwili, sasa huu wa..."

"Mwanangu," sauti ikasema kutoka kitandani. Ilikuwa simu. Ilikuwa ni shangazi, wa Maskati, bado yuko hewani. "Mimi nimeona kila kitu. Picha safi, sauti safi, Mungu akubariki kwa kunikumbuka. Sheikh alikuuliza kama una neno. Ukasema huna. Ndipo nikapiga simu kuuliza, labda mmelibadilisha wenyewe?"

Aliye Maskati alikuwa amesikia. Hawa wa ng'ambo ya ua hawakusikia, na walijua yote kabla sijaingia.

"Nilisahau," nikasema nikiwa bado nimeinama. "Nilikuwa nikiziangalia taa."

"Taa gani?" mama akauliza.

"Taa za mashine, mama."

Hakuna aliyenigombeza. Ningeshukuru kama mama angenirushia ndara kama zamani, nikajua deni limelipwa. Alikunja tu leso yake mapajani, akaikunjua. Dada alikuwa akiitazama mikono yake yenye hina.

"Itengeneze," akasema mwisho.

"Nitengeneze nini?"

"Televisheni. Si unasema umejua ilivyoharibika? Itengeneze. Halafu kamera uitoe msikitini uilete hapa, mlango wa mbele."

Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya seva, nikaandika ule mstari mmoja, kwamba chochote kinachokwenda kwa kundi kitokee mlango wa ndani. Taa iliyokuwa imelala ikaanza kupepesa, na nikasikia wapishi wakipiga kelele nyuma ya nyumba kwamba picha imerudi. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuvua viatu. Hilo nalo liliniuma. Nikaifungua kamera kwenye nguzo ya msikiti, nikavuka nayo ua, kebo yake ikiburutika juu ya vichwa vya wageni, nikaifunga kwenye nguzo ya baraza yetu ikitazama mlangoni.

Kwa kawaida bwana harusi akija kumpa mkono mkewe, wanawake humfungia mlango, na somo humchagiza hadi atoe ada ndipo afunguliwe. Ni mchezo, kila mtu anaujua. Siku ile walikuja na twari zao na nyimbo, bwana harusi mbele, bahasha za ada zimetayarishwa. Somo, mwanamke wa Jego mwenye kifua na sauti yake, alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akatandaza mikono.

"Bahasha zirudi mfukoni!" akasema. "Ada ya leo ni jibu." Kisha akanishika mkono wa kanzu, akanisukuma mbele ya kamera. "Mwenye swali ni huyu. Muulize."

Twari zikakoma moja moja. Kwenye baraza ya msikiti niliwaona wanaume wakiigeukia televisheni yao, ile ambayo hakuna aliyejali ilipokuwa nyeusi, maana wao wote walikuwa wakisikia kwa masikio. Dada alikuwa nyuma ya mlango, mbele ya kioo chake, akinitazama.

"Shemeji," nikasema. "Kuna neno nilitumwa nikuulize kabla ya akdi. Sikuliuliza. Kosa ni langu, dada hana kosa. Umekubali akae Msambweni, na aendelee na kazi yake ya uuguzi?"

Yule kijana alinitazama kwa mshangao.

"Neno hilo? Mimi nilikuwa nikilingoja pale pale! Si nilikubana mkono, kaka? Uliposema huna neno nikadhani mwenyewe ameliacha. Nikasema basi, kheri, tutahamia kisiwani." Akaigeukia kamera, akapaza sauti kama anayemwita mtu wa boti nyingine. "Nimekubali! Atakaa Msambweni, atafanya kazi yake! Mnaonisikia nyote ni mashahidi!"

Vigelegele vikatoka chumbani, vikatoka ukumbini, vikatoka kwa wapishi nyuma. Ami wa bwana harusi alikuwa akija kwa hasira, ameshika upindo wa joho lake.

"Haya ni maneno ya mlangoni!" akasema. "Mzaha wa wanawake!"

Kutoka baraza ya msikiti sheikh aliinua kikombe chake cha kahawa. "Nami nimeyasikia, ami," akasema, taratibu kama kawaida yake. Ami akasimama katikati ya ua, akaiweka sawa kofia yake, na mlango ukafunguliwa.

Basi yakaisha kwa heri. Watu wa kwetu huisimulia ile harusi kwa kicheko, harusi ya televisheni, bwana harusi aliyeulizwa mtihani mlangoni, na mimi hunipa sehemu nzuri katika masimulizi yao, fundi aliyeokoa shughuli. Nikiwasahihisha wanasema nina unyenyekevu. Mimi hulikumbuka lile neno la shemeji. Kheri, tutahamia kisiwani. Maisha mazima ya dada yangu, vile alivyosoma, wale watoto anaowapokea kwa mikono yake, yangehamia Funzi kwa adabu kabisa, bila mtu kugombana na mtu, kwa sababu mimi nilifurahishwa na taa.

Jioni alitoka kwenda kwa mumewe, katika nyumba waliyopanga tangu wakati wa posa, si mbali na hospitali. Kabla ya kutoka, bibi harusi hutaka radhi kwa wakubwa wake. Alimbusu mama mkono, akataka radhi, mama akampa huku akilia. Akaja kwangu. Sikumwacha aanze.

"Dada, niwie radhi," nikasema.

Alinitazama. Akaliweka sawa shela lake kichwani. Kisha akapita, akapanda gari, na somo akafunga mlango wa gari nyuma yake.

Hana kinyongo nami, au sikioni. Nikienda kwake akiwa hayuko zamu hunipikia mahamri, hunitania mbele ya mumewe, na televisheni yake ikiharibika huniita mimi. Mara nyingine nimekaribia kumtaka radhi tena, nikaishia kuulizia televisheni. Wenzangu huniambia nisijisumbue, jibu alikwisha kunipa, kwani sheikh si alisema kimya ndiyo idhini yao? Ndivyo alivyosema. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nje ya pazia asubuhi ile, na nilimsikia dada yangu akisema kwa kinywa chake kwamba yeye hatanyamaza.